Uzi: Aina za ulinganifu wa maneno muhimu, na namna ya kusoma idadi ya utafutaji bila kujidanganya

Mwanzisha uzi (Sakina, Arusha)

Wakuu, habari za jioni. Karibu katika kila uzi wa matangazo ya Google hukosi mtu aliyeweka picha ya skrini yenye namba kubwa ya utafutaji, akiuliza kwa nini tovuti yake haipati hata wageni kumi kwa siku ilhali neno alilolichagua "linatafutwa na watu wengi". Mara nyingi huambiwa aongeze bajeti au abadilishe maandishi ya tangazo. Kwa maoni yangu tatizo huanza kabla ya hapo, kwa sababu tunachanganya vitu viwili: neno tunaloliandika sisi katika akaunti ya matangazo, na maneno anayoyaandika mteja katika kisanduku cha kutafutia. Neno muhimu ni letu, utafutaji ni wa mteja. Aina ya ulinganifu ni kanuni inayoamua haya mawili yaruhusiwe kuachana kwa umbali gani, na idadi ya utafutaji ni hesabu ya upande wa mteja peke yake.

Nianze kwa kukiri kosa langu. Ninasimamia tovuti ya kampuni ndogo ya utalii ambayo ofisi yake haiko mbali na Mnara wa Saa, na msimu mmoja mwenye kampuni alinikabidhi shilingi laki tatu nijaribu matangazo. Niliandika neno moja, safari, pasipo alama yoyote, kwa sababu katika orodha yangu nzima hapakuwa na neno lililotafutwa kulishinda hilo. Siku ya nne fedha zilikuwa zimekwisha na hakuna mgeni hata mmoja aliyeuliza bei. Nilipofungua ripoti ya maneno yaliyotafutwa ndipo nikaona nilichokuwa nimelipia: watu waliotaka kupakua kivinjari cha Safari cha Apple, watu waliotafuta bia, watu waliotafuta ratiba za mabasi, na mmoja aliyetafuta ujumbe wa kumtakia rafiki safari njema. Wote walitafuta safari kweli, na namba niliyoiona haikuwa ya uongo. Ila hawakuwa wateja wangu.

Kwa wasiozifahamu, Google Ads, ambayo hadi mwaka 2018 iliitwa AdWords, ina aina tatu za ulinganifu. Ulinganifu mpana ndio unaotumika usipoweka alama yoyote. Hapo tangazo linaweza kutokea kwa utafutaji wowote ambao mfumo unaona unahusiana na neno lako, hata kama neno lenyewe halimo, na mfumo huzingatia pia mambo usiyoyaona wewe, kama vile mtu huyo alitafuta nini muda mfupi uliopita, ukurasa wako unasema nini, na maneno gani mengine yamo katika kundi hilo la matangazo. Ulinganifu wa kifungu huandikwa ndani ya alama za kunukuu, na unataka utafutaji uwe umebeba maana ya neno lako, hata ukiongezewa maneno mengine mbele au nyuma. Ulinganifu kamili huandikwa ndani ya mabano ya mraba, na unataka utafutaji uwe na maana ileile au nia ileile.

Zingatieni kwamba nimesema maana, sikusema maneno. Masomo ya zamani yanatupotosha hapo, kwa sababu zamani mabano ya mraba yalikuwa mabano kweli. Mwaka 2014 Google iliondoa uwezo wa kukataa tofauti ndogo kama wingi na makosa ya tahajia. Mwaka 2017 iliruhusu mpangilio wa maneno ubadilike na viunganishi vipuuzwe pale maana isipoharibika, na mwaka 2018 ikaongeza maneno yenye maana sawa. Mwaka 2021 ile alama ya kujumlisha, ambayo wengi wetu tulifundishwa kuiweka mbele ya kila neno, iliondolewa na kazi yake ikaingizwa katika ulinganifu wa kifungu. Ukikuta video inayoisifu alama hiyo, tazama kwanza tarehe iliyopakiwa.

Kuhusu idadi ya utafutaji, nitasema jambo moja sasa na mengine yatakuja kadiri tunavyojadiliana. Kabla ya mwaka 2013 zana ya Google ilikuruhusu kuchagua mpana, kifungu au kamili, na namba ilibadilika kufuatana na ulichochagua, kwa hiyo mtu aliyeacha mpana alionyeshwa jumla ya vitu vingi ambavyo hakuviomba. Keyword Planner iliyochukua nafasi yake haifanyi hivyo. Namba ya utafutaji unayoiona ni ya maneno yale yenyewe pamoja na vibadala vyake vya karibu, kama wingi na makosa ya tahajia, na ukiyaweka ndani ya mabano au ukiyaacha wazi namba haibadiliki. Kinachobadilika ni tangazo lako litapita katika malango mangapi. Kwa hiyo anayesema "neno hili lina utafutaji mwingi kwa sababu nimeliweka pana" amechanganya vipimo viwili tofauti.

Mchangiaji wa pili (Rau, Moshi)

Mkuu, nashukuru kwa uzi huu, umekuja wakati ninaouhitaji. Nina nyumba ya wageni yenye vyumba vinane na nimejenga tovuti mwaka huu. Nikiandika maneno yangu katika hiyo Keyword Planner na kuchagua Tanzania, mengi yananipa kistari kitupu, na machache yananipa "100 hadi 1,000". Naomba kujua mambo mawili. Je, kistari maana yake hakuna anayetafuta? Na hiyo 100 hadi 1,000 niichukulie kama 550?

Mwanzisha uzi (Sakina, Arusha)

Mkuu wa Rau, karibu sana. Nianze na hiyo 550, kwa sababu ndilo kosa linalofanywa na watu makini, si wavivu. Akaunti ambazo hazitumii fedha za kutosha katika matangazo huonyeshwa makundi mapana badala ya namba, na utaratibu huo umekuwapo tangu mwaka 2016. Kundi la 100 hadi 1,000 linakuambia kwamba idadi iko mahali fulani ndani ya uzio huo, halikuambii iko katikati. Inaweza kuwa 110, inaweza kuwa 900. Maneno mawili yaliyomo katika kundi moja yanaweza kupishana mara nane na yakaonekana mapacha. Hata anayepewa namba kamili ajue kwamba imekadiriwa, na kwamba vibadala vya karibu vimewekwa katika kapu moja, ndiyo maana umoja na wingi wa neno la Kiingereza mara nyingi huonyesha namba ileile. Asiyejua hilo huzijumlisha mbili na kupata wateja hewa.

Kistari nacho hakimaanishi sifuri. Kinamaanisha kwamba kilichokusanywa hakikutosha kuonyeshwa. Google yenyewe imekuwa ikisema kwa miaka mingi kwamba takriban asilimia 15 ya utafutaji wa kila siku haujawahi kufanywa kabla, kwa hiyo sehemu ya maswali ya wateja haiwezi kuwamo katika zana yoyote, kwa kuwa zana huhesabu yaliyopita. Tofauti na hiyo ni pale unapoliingiza neno katika kampeni, nalo likawekewa alama ya kuwa na utafutaji mdogo mno: hapo mfumo huliacha limelala hadi utafutaji uongezeke, na wewe utadhani tangazo linafanya kazi.

Ila nina swali kwako. Kwa nini ulichagua Tanzania? Wageni wako wanaokuja kupanda mlima walitafuta chumba wakiwa wapi?

Mchangiaji wa pili (Rau, Moshi)

Wengi walitafuta wakiwa kwao. Ujerumani, Uingereza, Marekani, na safari hii nimepata pia wa Poland. Nilichagua Tanzania kwa sababu nyumba iko Tanzania. Sasa nikiisoma sentensi hiyo naona kasoro yake.

Mwanzisha uzi (Sakina, Arusha)

Ndiyo, mkuu. Namba ya utafutaji haisimami peke yake, husimama pamoja na eneo, lugha na kipindi. Badilisha eneo liwe nchi wanakotoka wageni wako, uliandike neno kwa lugha yao, kisha tazama tena. Ukifika katika mipangilio ya kampeni utakuta tena suala hilohilo la eneo: kuna chaguo la kuwafikia watu walioko mahali fulani tu, na kuna chaguo la kuwafikia walioko hapo pamoja na wanaoonyesha nia ya mahali hapo. Kwa nyumba ya wageni ya Moshi chaguo la pili lina faida, kwa kuwa mtu wa Munich anayesoma habari za Moshi ndiye unayemtaka. Kwa fundi wa majokofu wa mtaa wa Soweto hapa kwetu chaguo hilo ni hasara, kwani mtu wa Munich hatamletea jokofu.

Kipindi nacho kina mtego wake. Namba inayoonyeshwa kwa kawaida ni wastani wa miezi 12. Tuseme neno fulani limetafutwa mara 12,000 kwa mwaka, na utafutaji wote umefanyika katika miezi mitatu. Zana itakuandikia wastani wa 1,000 kwa mwezi, ilhali katika miezi tisa hakuna kitu, na katika mitatu kuna 4,000 kila mwezi. Biashara zetu za kaskazini ziko hivyo. Watu hupanda Kilimanjaro zaidi katika miezi ya ukavu, Januari hadi mwanzoni mwa Machi na tena Juni hadi Oktoba, na wanaotafuta Ndutu kwa ajili ya nyumbu wanaozaa si wale wanaotafuta uvukaji wa Mto Mara. Tena mgeni hatafuti siku anayopanda ndege kuja KIA, hutafuta miezi kadhaa kabla. Kwa hiyo fungua mchoro wa mwezi kwa mwezi, usiishie kwenye wastani.

Google Trends, zana inayoonyesha mwenendo wa utafutaji, inasaidia hapo, lakini tusiigeuze kuwa zana ya idadi. Namba zake ni za kulinganisha, kuanzia 0 hadi 100, ambapo 100 ni kilele cha hicho unachokitazama. Neno linalotafutwa mara chache linaweza kugonga 100, na neno kubwa likaonyesha 40. Hakuna kosa katika zana, kosa ni letu tunapoisoma kama mita ya umeme.

Mchangiaji wa tatu (Njiro, Arusha)

Ndugu zangu, ninafanya kazi hii ya matangazo kwa wateja mbalimbali hapa mjini, na naona mnajisumbua. Weka kila neno katika ulinganifu kamili, halafu jambo limekwisha. Hutalipia kivinjari, hutalipia bia. Ulinganifu mpana umetengenezwa ili fedha zitoke haraka.

Mwanzisha uzi (Sakina, Arusha)

Mkuu wa Njiro, nusu ya hoja yako naikubali kwa sababu niliiishi. Mwenye bajeti ndogo aanzie upande mwembamba. Lakini ushauri wa kuweka kamili kila mahali una masharti mawili ambayo hukuyataja. La kwanza ni kwamba unadai tayari uyajue maneno ya wateja wote, na hakuna anayeyajua. La pili ni kwamba kamili ya leo si kamili ya mwaka 2013, kwani hata ndani ya mabano utaletewa maneno ambayo hukuyaandika, yakihesabiwa kuwa na nia ileile. Kwa hiyo anayeweka mabano akaacha kusoma ripoti amefunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Mchangiaji wa nne (Machame, Hai)

Niruhusuni niseme kwa lugha ya kwetu. Mimi ni mtu mzima na matangazo haya nafundishwa na mjukuu, lakini mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, naujua. Mfereji wa kijiji una maji yake, na hayo ndiyo hiyo idadi mnayoisema. Mwanya unaoufungua kuelekea shambani kwako ndio ulinganifu. Ukiufungua wote, maji yanapita kwenye migomba, yanaingia njiani, yanakwenda kwa jirani, na siku yako ya zamu inakwisha kahawa haijalowa. Ukiufungua kidogo mno, maji yanaishia kwenye udongo wa kwanza. Na kuufungua mwanya zaidi hakuongezi maji ya mfereji. Je, nimeelewa au nimepotea?

Mwanzisha uzi (Sakina, Arusha)

Shikamoo mzee wangu. Hujapotea hata kidogo, na naomba ruhusa niwe ninautumia mfano huo, kwani sentensi yako ya mwisho imesema kwa maneno machache kitu nilichokizungukia aya nzima. Nyongeza yangu ni moja tu: katika mfongo huu kuna pia mawe ya kuziba, nayo ni maneno ya kuzuia. Unaandika orodha ya maneno ambayo utafutaji ukiwa nayo tangazo lako lisitokee. Kampuni ya utalii itazuia ajira, kazi, picha, bia, na jina la kivinjari. Orodha hiyo hukua kila wiki kutokana na ripoti, na ndiyo iliyoniokoa mimi kuliko kitu kingine chochote.

Lakini maneno ya kuzuia hayana ukarimu wa maneno ya kawaida. Ukizuia kazi, hujazuia ajira. Ukizuia picha hujazuia video. Mfumo hautafuti maana sawa kwa niaba yako upande huu, na wingi na umoja lazima uviandike vyote viwili. Makosa ya tahajia tu ndiyo yaliyoanza kushughulikiwa mwaka 2024. Na neno la kuzuia lenye maneno mawili, likiachwa pana, huzuia tu pale maneno yote mawili yanapokuwamo, kwa mpangilio wowote.

Mchangiaji wa tano (Kijenge, Arusha)

Shikamoo wazee, habari zenu wakuu. Mimi ni dalali wa nyumba, wateja wangu ni Watanzania na wanatafuta kwa Kiswahili. Nilijaribu neno nyumba za kupanga, pana, na katika ripoti nikakuta watu waliotafuta habari za kupanga uzazi. Nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba nimelipia. Je, haya yote mnayoyasema yanafanya kazi kwa Kiswahili sawasawa na kwa Kiingereza?

Mwanzisha uzi (Sakina, Arusha)

Dada au kaka wa Kijenge, swali hili ndilo nililokuwa nikilisubiri. Kanuni ni zilezile, lakini lugha yetu ina umbo lake, na anayefanya utafiti wa maneno kwa Kiswahili inambidi afanye kwa mkono baadhi ya kazi ambazo kwa Kiingereza zimekwisha kufanywa.

Kwanza, vitenzi vyetu hubeba maana nyingi ambazo hazina uhusiano. Kupanga ni kukodi nyumba, ni kuweka mipango, ni kuweka vitu katika safu. Kupanda ni kukwea mlima, ni kuweka mbegu ardhini, ni bei kuongezeka, ni kuingia katika gari. Kwa hiyo kupanda peke yake, pana, kunaweza kuleta mkulima wa parachichi kwa kampuni ya mlima, na idadi yake ya utafutaji ni mchanganyiko wa watu wote hao. Hata jina Moshi lina tatizo hilo, kwa kuwa herufi kubwa na ndogo hazitofautishwi katika utafutaji, na anayetafuta habari za moshi wa jiko hesabu yake inachanganyika na ya mji wako. Suluhisho ni kutoruhusu kitenzi au jina kama hilo lisimame peke yake. Andika "kupanda mlima kilimanjaro" ndani ya alama za kunukuu, na [nyumba ya kupanga njiro] ndani ya mabano.

Pili ni ngeli. Kwa Kiingereza umoja na wingi mara nyingi hutofautiana kwa herufi moja mwishoni, nasi tunabadilisha mwanzo wa neno na kiunganishi chake pia: chumba cha kupanga, vyumba vya kupanga, nyumba ya kupanga, nyumba za kupanga. Katika akaunti ninazozisimamia sikuwahi kuuachia mfumo ukisie hayo, huandika kila umbo. Kisha uyaongeze maneno ambayo watu wanayasema kweli, ambayo hayamo katika tangazo la kistaarabu: chumba na sebule, chumba masta, apatimenti, bila dalali. Hilo la mwisho najua litakuumiza, lakini linatafutwa.

Tatu, mteja wetu huchanganya. Ataandika bei kwa Kiswahili na jina la kitu kwa Kiingereza katika mstari mmoja, au ataandika jina la mtaa tu. Zana itakupa kistari kwa karibu yote hayo. Kwa Kiswahili, kwa hiyo, mimi huitumia Keyword Planner kama mtu wa kuulizwa njia, si kama ramani. Chanzo changu kikuu ni mambo matatu ya bure: mapendekezo yanayojitokeza unapoanza kuandika katika Google, ripoti ya kampeni ndogo ya ulinganifu wa kifungu, na Search Console ya tovuti yenyewe, ambayo huhifadhi takwimu za miezi 16 na inakuonyesha maneno ambayo kurasa zako zilitokea kwayo hata kama hakuna aliyebofya.

Tusidanganyane, hata ripoti hizi hazionyeshi yote. Tangu Septemba 2020 ripoti ya matangazo haionyeshi maneno yaliyotafutwa na watu wachache mno, na Search Console nayo huficha utafutaji adimu kwa sababu za faragha, kwa hiyo ukijumlisha mistari hutafikia jumla iliyoandikwa juu. Lakini kilichobaki kimetoka kwa wateja wako wewe.

Mchangiaji wa sita (Usa River)

Wakuu, mimi silipii matangazo. Ninaandika makala za kilimo na nataka zionekane katika utafutaji wa kawaida. Katika Semrush, zana ya utafiti wa maneno isiyo ya Google, naona vitufe vya mpana, kifungu na kamili, na nimekuwa nikichagua kamili nikidhani ndiyo itakayonipandisha. Je, nimekuwa nikifanya sahihi?

Mwanzisha uzi (Sakina, Arusha)

Mkuu, hapo jina ni moja na vitu ni viwili. Katika Semrush vitufe hivyo ni vichujio vya orodha tu: kamili hukuonyesha mapendekezo yenye maneno yako kwa umbo na mpangilio uleule, kifungu hukuonyesha yenye maneno hayo kwa mpangilio wowote, na mpana huongeza maumbo mengine ya maneno hayo. Havimwambii Google chochote. Nafasi ya makala yako haijui ulibonyeza kipi. Vivyo hivyo alama za kunukuu unazoziandika katika kisanduku cha kutafutia ili upate maneno yaleyale hazina uhusiano na alama za kunukuu za matangazo.

Ongeza na hili: safu ya ushindani katika Keyword Planner hupima watangazaji wangapi wanaligombea neno, haipimi ugumu wa makala kuonekana. Neno linaweza kuwa na ushindani mdogo huko kwa sababu hakuna anayeuza chochote kinacholihusu, na bado kurasa za kwanza zikawa zimeshikwa na tovuti kubwa za serikali na vyuo. Kwa makala, andika neno katika Google, soma kurasa zinazotokea, ujue Google imeelewa nini kuhusu nia ya anayetafuta. Ukiandika kupanda parachichi na kurasa zote zikawa ni za nafasi kati ya miche, basi makala yako ya soko la nje haina mahali hapo hata idadi ingekuwa kubwa vipi.

Mchangiaji wa tatu (Njiro, Arusha)

Narudi kusahihisha kauli yangu kwa kiasi. Nimefungua akaunti ya mteja mmoja wa usafiri wa kutoka Nairobi kuja Arusha, yenye maneno yote ndani ya mabano. Kweli kuna maneno katika ripoti ambayo sikuyaandika, mengine mazuri, na mengine ya watu wanaotaka kwenda upande wa pili, Arusha kwenda Nairobi, ambako mteja wangu hana nafasi za jioni. Nilidhani mpangilio ulikuwa salama.

Mwanzisha uzi (Sakina, Arusha)

Kwa kanuni, pale mpangilio unapobadilisha maana, kama katika mwelekeo wa safari, kamili na kifungu vinapaswa kuuheshimu. Lakini nisingeliacha jambo la nauli mikononi mwa kanuni. Weka mwelekeo usioutaka kama neno la kuzuia la ulinganifu kamili au wa kifungu, kwa sababu upande wa kuzuia mpangilio hufuatwa. Usiliweke pana, kwani likiwa pana litazuia utafutaji wowote wenye maneno hayo yote, na utakuwa umejifungia njia zote mbili.

Mchangiaji wa pili (Rau, Moshi)

Wakuu, zimepita wiki tatu, nimeona si vyema kupokea ushauri na kunyamaza. Nilibadilisha eneo, nikaweka maneno manane tu, sita ya kifungu na mawili kamili, na kila Jumatatu nimekaa na ripoti. Wiki ya kwanza nilizuia maneno kumi na mawili. Katika wiki ya pili niliona kitu ambacho sikukitarajia: watu watatu tofauti waliuliza, kwa Kiingereza, mahali pa kuacha mizigo Moshi wakati wako mlimani. Nimelitafuta neno hilo katika Keyword Planner, linanipa kistari kwa kila nchi niliyoijaribu. Na mimi wageni wangu huniachia mabegi kila wiki bila malipo, wala sikuwahi kufikiri kuliandika katika tovuti. Sasa nimeandika ukurasa mmoja kuhusu hilo. Jana amefika mama mmoja wa Leeds aliyeusoma. Amelipia usiku mmoja kabla ya kupanda kwa njia ya Marangu na mmoja baada ya kushuka, na begi lake liko chini ya ngazi. Je, niliongeze neno hilo katika kampeni, na kwa ulinganifu upi?

Mwanzisha uzi (Sakina, Arusha)

Liongeze, mkuu, katika kundi lake peke yake, na tangazo liende moja kwa moja kwenye ukurasa huo. Tumia kifungu, pamoja na jina la mji. Ukiliacha pana utaletewa wanaonunua mabegi, na kwa Kiswahili utaletewa wenye malori.